Mluzi wa Kunyweshea Vitatu

1

Kila neno nitakaloandika hapa ni la kweli. Naapa kwa kaburi la mama mkwe wangu, ambaye bado yu hai, ana miaka tisini na nne, na husoma kila ninachoandika akitafuta pa kunikamatia. Kwa miaka mingi sikuweza kulisimulia jambo hili, lakini Kampuni ya Kwato Tatu imeshafungwa, wakubwa wake wametawanyika, na aliyebaki wa kunishitaki ni mimi mwenyewe.

Naitwa Dahaye, mstaafu. Nimechanja punda miaka thelathini na mmoja bila kukaa darasani hata siku moja. Kazi nilifundishwa kwa mateke. Elimu ya chembe za urithi nayo niliisoma mwenyewe, katika vitabu ambavyo wataalamu wa kampuni waliviacha chooni. Kuna kurasa sikuzikuta. Mnaelewa kwa nini.

Asubuhi ya siku ya maonyesho nilifunga nyungo zangu miguuni, nikaingia zizini na ndoo ya pumba. Ndani ya pumba nilikuwa nimechanganya vikombe sita vya magadi.

Kwa msomaji asiye wa kwetu Gidahoto: tangu mlima utapike siku arobaini, uwanda wetu umefunikwa na majivu ya kufika magotini, na mvua ikinyesha yanakuwa uji wa kufika kiunoni, uji unaochoma ngozi kama chokaa. Gari halikatizi, maana kichujio cha hewa huziba kabla dereva hajaweka gia ya pili. Ndege zisizo na rubani zilijaribu zikaanguka kama kumbikumbi. Sisi wanakijiji tukagundua nyungo. Ungo mmoja kila mguu, kamba ya katani kisiginoni, na unatembea umetanua mapaja kama aliyetoka jandoni juzi. Wake zetu walinuna mwaka mzima, wakiuliza watapepetea nini.

Kampuni wao wakagundua farasi.

Sisemi farasi huyu wa kwato moja anayeonekana kwenye picha za wafalme. Nasema babu yake, aliyetembea uwanda huu huu mamilioni ya miaka iliyopita, siku ambazo milima ilikuwa ikitapika kama leo. Wataalamu wanamwita hiparioni. Ana kwato kubwa katikati na vidole viwili pembeni, ambavyo kwenye ardhi ngumu havigusi chini, lakini akikanyaga laini vinatanuka na kumshikilia. Kampuni ilichimbua jino lake moja kutoka kwenye majivu ya kale yaliyokuwa mwamba, wakasoma protini zilizobaki ndani ya jino, kisha wakaanza kurekebisha chembe za punda, herufi baada ya herufi, mpaka zikalingana na jino. Ilibaki kupata matumbo ya kuwabeba. Hapo ndipo walipokuja kijijini kuomba punda majike.

Sisi tuliwaita Vitatu. Walikuwa na kimo cha punda mkubwa, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, manyoya ya shingo yamesimama kama brashi. Wazuri. Nilitaka kuwachukia nikashindwa, kwa hiyo chuki yote nikaimwagia mtu mmoja.

"Mzee Dahaye! Vijana wako wamekula?"

Ndiye huyo. Melkiori Lohay, meneja wa kituo, anakuja na mabuti meusi yaliyong'arishwa hadi unaona mawingu ndani yake.

"Wamekula hadi wamelamba ndoo, Meneja."

"Na mbona leo umenyoa ndevu?"

"Kuna wageni, Meneja. Nisiwatie aibu."

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na hilo nalo lilinikera. Wageni wenyewe, watu wa hospitali za mikoani, walikuwa wamekaa kibarazani na darubini zao. Mpango ulikuwa Meneja awakatishe Vitatu sita uwanda wote, kilomita nne, na masanduku ya dawa mgongoni, wageni waone kuwa mgonjwa wa ng'ambo anaweza kufikiwa bila gurudumu.

"Chukua nyungo, Meneja," nikamwambia. "Huko mbele kuna mengi."

"Nyungo ni za kupepetea, Mzee. Mimi napanda mnyama aliyeumbiwa majivu haya kabla babu wa babu yako hajajifunza kusimama."

Akampanda Kidole.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana Kidole ndiye mwanzo wa yote. Mama yake alikuwa Sikitu, punda wangu. Kampuni ilitaka majike wasiozidi miaka kumi, na kila aliyetoa jike alipewa tangi la maji lenye mfuniko, kwenye nchi ambayo kila kisima kilikuwa kimegeuka uji. Nikamtoa Sikitu. Fomu ikaandikwa umri miaka minane, nikaweka dole gumba. Mwezi wa kumi na moja wa mimba nilimpelekea majani mabichi, nikamkuta amelala ubavu, tumbo limepasuliwa. Melkiori alikuwa amepiga magoti pembeni na kisu mkononi, damu hadi kwenye viwiko. Juu ya gunia kulikuwa na mtoto mbichi, anatetemeka, vidole vitatu kila mguu vinachezacheza hewani.

Baadaye nikapewa cheti. Sababu ya kifo: uzee. Sahihi: M. Lohay.

Uzee! Punda aliyeandikiwa miaka minane! Alimpasua kabla ya wakati ili apate mali ya kampuni, halafu akamwandikia uzee kama kikongwe aliyejifia usingizini. Nikakikunja kile cheti nikakitia mfuko wa shati, na shati hilo nililivaa kila Jumatatu kwa miaka mitatu, nisije nikapoa.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa Melkiori kuomba kazi ya kunywesha Vitatu. Akanipa siku hiyo hiyo. Alinipa na koti.

2

Kwetu mfugaji hanyweshi mnyama kimya kimya. Mnyama akiinamisha kichwa unampigia mluzi, ule ule kila siku, mrefu na wa polepole, mpaka ufike wakati hata yeye hajui kama anakunywa maji au anakunywa sauti. Baba yangu alinyweshea hivyo, na baba yake. Wataalamu wa kampuni walidhani ni burudani ya mzee. Mmoja aliwahi kuniomba nimpigie wimbo wa harusi yake.

Kwa miaka mitatu niliwapigia Vitatu mluzi huo, asubuhi na jioni, kwenye birika la kampuni lililo ng'ambo ya lambo la zamani. Na kwa miaka mitatu niliichunguza hatamu.

Hatamu ya Vitatu haikuwa ya ngozi. Ilikuwa punje ya waya chini ya manyoya ya shingo, na pete kwenye kidole cha mpandaji. Ukiizungusha pete kulia, miguu ya mnyama inakwenda kulia, ukiibana, inasimama. Mnyama haumii, kampuni ilisema. Sijui walimuuliza nani. Lakini mimi niligundua kitu ambacho hakikuwemo hata kwenye kurasa za chooni. Punje ile iliamuru miguu tu. Haikujua lolote kuhusu kiu.

Basi, wakati wageni wanapigiwa makofi na hotuba, mimi nilizunguka kwa njia ya mkato, nyungo zikipiga pwa, pwa, pwa, hadi kwenye tuta la lambo. Lambo lilikuwa limejaa uji wa majivu, juu limeganda ukoko mweupe kama wa ugali. Upande wa nyuma yangu kulikuwa na birika na maji safi. Upande wa mbele, Melkiori alikuwa anakuja, Vitatu sita kwa mstari, amenyoosha mgongo kama sanamu. Jua lilikuwa limepanda. Magadi yalikuwa yameshafanya kazi yake. Niliona ndimi zao kabla sijaona macho yao.

Nikalowanisha midomo, nikapiga.

Masikio yote kumi na mawili yakasimama mara moja. Wale watano wa nyuma wakavunja mstari. Kidole yeye akasimama, maana Melkiori alikuwa ameibana pete, na hapo nikaona jambo ambalo sikulipangia. Miguu yake ya mbele ikatii pete na ya nyuma ikatii mluzi. Mnyama akawa anatetemeka katikati, macho meupe, kama kitambaa kinachovutwa na watu wawili.

Ningeweza kunyamaza hapo. Nataka niseme niliwaza kunyamaza. Lakini niliuona mkono wa Melkiori unavyozungusha ile pete, mkono ule ule wa kisu, nikavuta pumzi nikapiga tena, kwa nguvu zaidi.

Kidole akaja. Alikuja moja kwa moja juu ya lambo, na ukoko ukapasuka chini yake kwa mlio kama wa vigae. Vidole vyake vya pembeni vikatanuka. Naapa nilivisikia vikitanuka. Akaruka kama anayekanyaga godoro, hatua tatu, nne, na kwenye hatua ya tano Meneja akabaki hewani peke yake, akashuka kwa matako, akazama hadi kiunoni.

Kidole alinipita na kwenda kwenye birika. Sikumgeukia. Nilikuwa na shughuli.

3

"Mzee! Mzee Dahaye, Mungu amekuleta! Tupa kamba!"

"Kamba ninayo," nikasema. Nilikuwa nimejizungushia kiunoni. Nikachuchumaa juu ya tuta, nikatoa cheti mfukoni, nikakikunjua taratibu. "Kwanza tusome kidogo."

Alikitazama, kisha akanitazama mimi, na kile kicheko kizuri kikaondoka usoni pake.

"Ni wewe uliyepiga mluzi."

"Hapa pameandikwa uzee, Meneja. Nisomee kwa sauti."

"Mzee, huu uji unaniunguza."

"Sikitu hakuungua? Ulimpasua na mtoto hajatimiza miezi yake! Sema ulimuua. Sema hapa, mbele yangu na mbele ya mwanawe anayekunywa maji pale. Ukisema, natupa kamba."

Uji ulikuwa umefika mbavuni. Alijaribu kuinua mguu, na buti moja likabaki chini, nilisikia likinyonywa. Ningependa kuwaambia kwamba roho iliniuma. Haikuniuma. Nilijisikia mtu aliyekula akashiba baada ya miaka mitatu ya njaa, na kama angezama hadi kwenye pua ningekaa pale pale nikimsomea cheti.

"Moyo wake ulisimama," akasema Melkiori. "Nilikuwa na yeye. Ulisimama mara mbili, nikaurudisha, mara ya tatu ukakataa. Mtoto alikuwa na dakika nne. Ningefanya nini, nikungoje uje na majani?"

"Moyo wa punda wa miaka minane hausimami!"

Akafuta jasho kwa mkono wenye majivu, ikawa vibaya zaidi.

"Mzee," akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa, "nilimfungua mdomo kumtoa povu. Meno ya mbele ya Sikitu yalikuwa marefu kama ya sungura, yamelala mbele. Na katikati ya kila jino palikuwa na kishimo kipya cha kuigiza ujana, kimetobolewa kwa msumari wa moto, kikapakwa rangi nyeusi. Na kingo zimepigwa tupa. Kazi safi sana. Katika wilaya hii yote namjua mtu mmoja tu anayeweza kazi ile."

Upepo ulipita juu ya ukoko. Nyuma yangu Vitatu walikuwa wanakunywa, glu, glu, glu.

"Alikuwa na miaka mingapi?" akaniuliza.

Nikaanza kukikunja cheti.

"Dahaye. Alikuwa na mingapi?"

"Ishirini na mmoja," nikasema.

Hilo mlikuwa hamjalisikia, najua. Nilikuwa nimeliruka. Yale mengine yote ni ya kweli, na fomu kweli iliandikwa minane. Nimewaambia iliandikwa nini, sikuwaambia Sikitu alikuwa na umri gani. Lile tangi nililitaka. Nilimketisha Sikitu kwenye kivuli, nikamshika mdomo, nikamchonga ujana mpya jino kwa jino, naye akatulia kwa sababu ni mimi. Nililifanya kwa kujivunia. Hata nilipiga mluzi.

"Kama ulijua," nikasema, "mbona hukunishitaki? Ungeandika ishirini na mmoja. Ningefungwa."

"Unajua kanuni ya kampuni kuhusu mtoto wa mama aliyezidi umri?"

Nilikuwa naijua. Mtoto wa aina hiyo mifupa yake haiaminiki. Anachomwa sindano siku ile ile, anachomwa na moto siku inayofuata.

"Alikuwa ameshanishika kidole," akasema Melkiori. "Ananyonya kidole changu na damu ya mama yake. Umri nikaacha minane yako, kanuni isimguse. Sababu ya kifo nikaandika uzee, maana angalau karatasi moja iseme kweli. Nikajua makao makuu hawasomi karatasi mbili kwa pamoja. Kumbe kulikuwa na msomaji kijijini." Akakohoa. "Nilidhani unajua. Ulipokuja kuomba kazi ya kunywesha nikasema, mzee amekuja kumlea mtoto wa punda wake, anajutia. Nikakupa koti langu."

Uji ulikuwa umefika kwapani. Mikono yake alikuwa ameiinua juu, na ile pete ilikuwa inameta.

Sasa wale wenye busara mtaniambia hapo hakuna cha kufikiria, tupa kamba. Mimi nilifikiria. Mtu yule alikuwa mtu pekee duniani anayejua nilichomfanyia Sikitu. Akizama, namaliza kila kitu: nabaki mimi na cheti changu na hasira yangu safi, na Kidole anabaki mwana wa mama aliyeuawa na mwingine. Niliifikiria kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na tano. Nimehesabu tena mara nyingi tangu siku ile, na sijawahi kuipunguza.

Kisha nikafungua kamba kiunoni, nikaitupa.

4

Alitoka kama jino, kwa kelele na kwa shida, bila buti hata moja. Miguu ilikuwa myekundu hadi mapajani. Tulikuwa tumelala juu ya tuta, wote wawili tunahema, niliposikia pwa, pwa, pwa.

Alikuwa Yasinta, daktari wa mifugo wa kituo, binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika sindano alipokuja akiogopa hata mbuzi. Amekimbia na nyungo kutoka kituoni, kanga imefungwa kichwani, majivu hadi kwenye kope.

"Kimetokea nini?"

"Binti yangu, ni miujiza!" nikaruka. Ulimi wangu hauna breki, ndivyo ulivyozaliwa. "Nilikuwa napita zangu, nakagua tuta, mara namwona Meneja amezama! Nyoka, nadhani. Nyoka aliwashtua wanyama, mkubwa hivi, nikamfukuza kwa..."

"Mzee."

"...kwa hili jiwe hapa..."

"Mzee Dahaye. Kituo kizima kimesikia mluzi. Wageni waliuliza ni ndege gani."

Nikalitupa lile jiwe.

Yasinta alikwenda kwenye birika. Akamwinua Kidole mdomo, akanusa, akapitisha kidole kwenye ufizi wake, akakionja. Akatema. Aliporudi hakuwa yule binti wa kuogopa mbuzi.

"Magadi. Umewatia kiu wanyama sita ili mtu mmoja azame. Hawa walikukosea nini, Mzee? Huyu Kidole alikukosea nini?"

Nikamtazama Melkiori. Angeweza kumwambia yote, pale pale. Alikuwa anafuta majivu kwenye pete. Akaivua, akaitia mfukoni.

"Tulikuwa na jambo letu la zamani," akasema. "Limekwisha. Nisaidie nimpande Kidole turudi, wageni wanasubiri."

"Hakuna anayepandwa leo," Yasinta akasema. "Matumbo yamejaa maji na chumvi. Ukimkalia hata mmoja atapata msokoto afe. Watarudi wenyewe, migongo mitupu, kwa mwendo wautakao. Masanduku tutayafuata kesho."

"Na mimi? Miguu yangu hii siwezi kukanyaga majivu."

"Sina nyungo za ziada." Akanigeukia. "Lakini naona mgongo mmoja hapa hauna kazi."

Nilikuwa na miaka sitini na minane. Melkiori alikuwa mwenye afya, mla nyama. Nilitafuta neno la kunitoa, na wale wanaonijua wanajua si kawaida yangu kulikosa. Siku hiyo sikulipata.

Nikainama.

"Panda, Meneja."

"Mzee, acha. Tutangoja machela."

"Panda, nakuomba."

Alipanda. Uzito wake ulinikaa kwenye kiuno kama gunia la saruji lenye mikono. Ungo wa kulia ulizama kidogo, nikauchomoa. Wa kushoto ukazama, nikauchomoa. Mita mia za kwanza alinionea huruma. Mita mia zilizofuata akaninong'oneza sikioni, "Habari ya Kidole usimwambie mtu. Hata huyu binti." Nikasema sitasema. Baada ya hapo Vitatu walitupita mmoja mmoja, wamejaa maji, wanatembea juu ya majivu kwa raha zao, hata hawageuki kutuangalia.

Nilipumzika mara ishirini na tatu. Kila mara Yasinta alisimama kando akingoja, hakunipa mkono, na kila mara niliinama tena mwenyewe.

Kituo kilipoonekana, watu wote walikuwa nje. Wageni na darubini zao, wapishi, walinzi, na kina mama wa kuchota maji na ndoo kichwani. Wanamtazama mzee aliyeinama, miguu imetanuka kwenye nyungo, jasho na majivu vimemgandia kama manyoya, anapumua kwa mdomo, na Meneja yuko juu yake.

Ndipo mama mmoja mnene, mke wa jirani yangu, akashusha ndoo yake chini, akatuangalia vizuri kutoka chini hadi juu.

"Jamani," akasema, "na huyu wamemfufua lini?"

Vicheko vikalipuka hadi kibarazani. Nilisikia hata kifua cha Melkiori kikitikisika mgongoni kwangu, akijitahidi kujizuia na kushindwa.

Nikauchomoa ungo wa kulia. Nilikuwa nimebakiza hatua mia mbili, na mlango wa zahanati ulikuwa upande wa pili wa uwanja.